Fungu la Mkwe

Sanduku la nne kutoka Bugunira lilipomiminwa juu ya meza ya kupimia, Esta aliacha kuimba.

Hyasinta, aliyekuwa mlangoni na faili la wagavi kwapani, aliusikia ukimya huo kabla ya kuona chanzo chake. Kwa mwaka mzima tangu aajiriwe kuwa ofisa ununuzi katika kiwanda kile cha minofu pale Musoma, hakuwahi kumkuta Esta akipima samaki bila wimbo wa kwaya mdomoni.

"Dada Hyasi, sogea uone," Esta alisema kwa sauti ya chini. "Wenzako wameniletea chekechea."

Kando ya sangara wakubwa waliokuwa waking'aa kwa barafu, walilala sangara wadogo tisa. Esta alimlaza mmoja kwenye ubao. Mkia wake uliishia mbali na alama nyekundu ya sentimita hamsini.

"Walikaaje sandukuni?" Hyasinta aliuliza.

"Chini kabisa. Wametandikiwa mafunjo, vichwa vyote upande mmoja kama wanafunzi wa bweni. Aliyewapanga hakuwa na haraka."

Hyasinta aliweka faili mezani polepole, kama mtu anayetua mtoto aliyelala. Ilikuwa miaka ile ambayo kila msimu uliota kiwanda kipya ukingoni mwa ziwa, na kila aliyemiliki gari na vipande viwili vya barafu alijiita mnunuzi. Samaki walinunuliwa kwa mdomo: leo bei hii, kesho ile, keshokutwa gari halikuja na samaki wakaoza mchangani. Hyasinta ndiye aliyemshawishi meneja ajaribu njia nyingine. Kikundi cha wavuvi wa Bugunira, kijiji kimoja cha rasini, kilikuwa cha kwanza kufunga naye mkataba wa maandishi wa miaka miwili. Kiwanda kingepeleka barafu mara tatu kwa juma na kununua kwa bei isiyoyumba. Wavuvi nao, kwa kifungu cha sita, wasingeuza sangara mfupi kuliko sentimita hamsini. Na kwa kifungu cha saba, kokoro, ule wavu mrefu unaokokotwa hadi ufukweni ukizoa wakubwa na wachanga pamoja, lisingevutwa katika mwalo wao, ufukwe wanakoegesha mitumbwi. Kifungu cha tisa kilisema kwamba ahadi ikivunjwa, kiwanda kinaweza kusimamisha barafu na kuuvunja mkataba.

Mnunuzi wa ng'ambo aliitaka ahadi hiyo, lakini Hyasinta aliitaka zaidi. Aliamini kwamba biashara inayokula mbegu yake ni mwizi anayejiibia mwenyewe. Na rasimu ya kifungu cha tisa aliiandika kwa mkono wake.

"Samaki wa kokoro hawa," alisema.

"Kwani mimi sijui? Sikiliza, dada. Boti ya barafu ilipita mialo mitatu kabla ya kuingia bandarini hapa Mwigobero. Andika sanduku halikujulikana limetoka wapi. Nani atauliza?"

"Watauliza wale wa mwalo mwingine, watakaponyimwa barafu kwa kosa ambalo si lao."

"Mimi nakuambiaga kila siku, ulipaswa kuwa sista." Esta alichungulia dirishani, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Haya, jiandae. Kosa lenyewe naliona linakuja na baiskeli."

Masatu, mwenyekiti wa wavuvi wa Bugunira, aliiegemeza baiskeli ukutani, akaingia. Suruali yake ilikuwa na vumbi hadi magotini, na kwenye mkono wa shati alikuwa ameshikiza kitambaa cheusi kwa pini. Alikuwa kijana mrefu, mwenye utulivu wa watu waliozoea kungoja wavu. Lakini asubuhi hiyo utulivu huo ulikuwa umepasuka mahali, na Hyasinta, aliyeujua uso ule kuliko alivyoijua sala yake ya jioni, aliuona ufa.

"Mwenyekiti," alisema.

"Ofisa," Masatu alijibu.

Esta aliwatazama kwa zamu, akachukua ndoo. "Mimi nina shughuli chumba cha barafu. Hata kama haipo, nitaitafuta."

Mlango ulifungwa. Macho yao yalikutana juu ya meza, yakaachana, yakarudiana. Hyasinta alitamani kuinua mkono aifute ile michirizi ya vumbi na jasho kwenye paji la uso wa Masatu. Badala yake alinyoosha karatasi iliyokuwa imenyooka tayari.

"Pole na msiba, Masatu. Habari zilinifikia Jumamosi, nikaogopa kuja."

"Uliogopa nini?"

"Sikujua ningekaa upande gani. Kwa wageni, au kwa wakwe."

Masatu aliinamisha kichwa. "Nilitaka niwahi kabla sanduku halijafunguliwa," alisema. "Nimekanyaga baiskeli tangu alfajiri."

"Kwa hiyo unajua kilichomo."

"Nimejua leo hii, shangazi Tereza aliponiuliza kama mkwe amepokea fungu lake."

"Fungu gani?"

Alivuta pumzi, akaegemea ukingo wa meza. "Marehemu baba mkubwa Rafaeli alikuwaga na kokoro. La zamani. Tangu tutie sahihi lilikaa darini, panya wakizaana ndani yake. Kwetu sisi mwenye wavu akifa, ndugu zake wanauvuta wavu wake mara moja tu, wanalisha waliokuja kumzika, halafu unakatwa vipande palepale ufukweni. Wazee wanasemaga usipofanya hivyo, mwenyewe anarudi kuutafuta. Samaki wa siku ile hawauzwi. Na fungu la kwanza, kabla hata ya wazee kula, linapelekwa kwenye nyumba tunayoposa."

Hyasinta aliwatazama upya wale samaki tisa. Sasa alielewa mafunjo, na vichwa vilivyoelekezwa upande mmoja.

"Shangazi hajui kwenu Butiama ni wapi," Masatu aliendelea, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na kicheko chenye huzuni. "Anachojua ni kwamba sanduku la barafu linakwenda kwa Hyasinta kila Jumanne. Akaona usafiri umepatikana, tena wenye ubaridi."

Hyasinta alicheka huku machozi yakimlenga. Alimwona mama yule mzee akiwa katika nguo za msiba, akiinama juu ya sanduku la kampuni kumpangia zawadi mkwe ambaye hajawahi kumwona. Kisha akili ya kazi ikamrudia.

"Wavu ulivutwa na nani?"

"Ndugu."

"Majina, Masatu."

Alitazama viganja vyake. "Kamba ya kushoto niliishika mimi."

"Wewe, mwenyekiti? Sahihi yako iko chini ya kifungu cha saba."

"Na aliyenilea alikuwa ndani ya jeneza. Ningewaambia nini wazee? Kwamba karatasi imenikataza kumzika baba yangu mkubwa?"

"Ungekuja kuniambia kabla. Tungetafuta njia."

"Kumwambia nani?" Masatu hakupandisha sauti; aliishusha, na hilo liliuma zaidi. "Ofisa, au Hyasi? Maana miezi mitatu sasa, nikigonga mlango huu, sijui atanifungulia nani. Nikija na hati za samaki ni mwenyekiti. Nikija na moyo wangu ni mwenyekiti. Juzi ulinipa mkono kama mtu anayepokea stakabadhi."

Hyasinta aligeukia dirisha. Kila neno lilikuwa la haki.

Mapenzi yao yalianzia juu ya karatasi hiyohiyo. Alipokwenda Bugunira mara ya kwanza na rasimu yake nzuri, wavuvi wote walitikisa vichwa kukubali, isipokuwa huyu. "Humu kuna vifungu sita vya kutufunga mikono sisi," alimwambia mbele ya watu. "Kiko wapi cha kuwafunga nyinyi?" Hyasinta alirudi Musoma amekasirika; kufika jioni akawa anacheka peke yake, na juma lililofuata alikwenda tena na kifungu kipya: boti ya barafu ikichelewa, hasara ni ya kiwanda. Masatu alikisoma mara mbili, akamtazama kwa namna ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kumtazama, kana kwamba ameona mtu mzima mzima, akili na sura kwa pamoja.

Mkataba ulitiwa sahihi mwezi wa pili. Mwezi wa sita mshenga alikwenda Butiama. Mzee Stanislausi, baba yake Hyasinta, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema hana neno baya na kijana wa watu, ila mvuvi hana zizi. "Ng'ombe ukimfunga jioni, asubuhi unamkuta. Samaki unamfungia wapi?" Mshenga alirudi mikono mitupu, na Hyasinta akajipa moyo: mkataba utimize mwaka mmoja tu, baba ataona kwamba hata ziwa linaweza kuwa na mpango. Huku nyuma, sheria ya kiwanda ilimtaka ofisa ununuzi aseme mara moja akiwa na uchumba na mgavi. Hakusema. Kila asubuhi alijiambia kwamba hakuna cha kusema mpaka baba akubali, na kila asubuhi neno "mwenyekiti" lilizidi kuwa zito ulimini mwake.

"Sikia," Masatu alisema nyuma yake, kwa upole sasa. "Andika kwamba mwenyekiti wa Bugunira alivuta kokoro. Ndivyo ilivyokuwa. Kiwanda kitavunja mkataba, wewe utabaki na kazi yako, na habari ya mkwe haitatajwa. Wenzangu nitawaeleza mimi."

"Mitumbwi kumi na minane, Masatu. Samaki wao watawahifadhi wapi bila barafu?"

"Watauza kama walivyouzaga zamani, wakiwabembeleza wenye magari."

"Na sisi?"

"Baba yako alishasema. Atakuwa amesema kweli."

"Kwa hiyo umekanyaga baiskeli kutoka Bugunira kuja kuniacha kwa heshima."

"Nimekuja kukuondoa kwenye moto nilioukoka mimi."

"Huo utakuwa ukweli uliokatwa mkia," Hyasinta alisema. "Ukisema kokoro bila kusema msiba, umewafanya watu wako wezi. Ukisema msiba bila kusema fungu, hakuna atakayeelewa samaki hawa walifikaje hapa. Na ukisema fungu, lazima useme la nani." Aligusa jalada la faili. "Tuliandika mkataba mzima kana kwamba Bugunira watu hawafi. Mimi niliyesoma, na wewe uliyezaliwa huko, hakuna aliyeuliza. Hilo ni kosa letu wote wawili. Lakini kosa la kunyamaza ni langu peke yangu."

"Hyasi, watakufukuza."

"Labda."

Hyasinta alikuwa bado anamtazama, na katika kutazama huko alikuwa akijiuliza kama huu ndio uso wa mwisho ambao angeuona kwa karibu hivyo, mlango ulipofunguliwa. Bwana Danford, meneja wa kiwanda, aliingia akiwa amevaa koti jeupe la kazini. Alikuwa mtu wa sentensi fupi. Alimwona Masatu, akaona ubao, akaona samaki.

"Hawa ni wa nani?"

"Ni wa kwetu, meneja," Masatu alianza. "Mimi ndiye—"

"Ni wangu," Hyasinta alisema.

Chumba kilikuwa baridi kwa ajili ya samaki, lakini uso wake uliwaka. Alisimulia yote, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa kuandika taarifa: mshenga wa mwezi wa sita, jibu la baba yake, sheria aliyoivunja kwa kukaa kimya, kifo cha Rafaeli, kokoro lililovutwa mara moja, kamba ya kushoto na aliyeishika. Hakuficha kitu, hata kile ambacho kingemsaidia Masatu kama angekificha. Masatu alisimama wima akisikiliza jina lake likitajwa, mara kwa kosa, mara kwa uchumba, na macho yake hayakubanduka usoni mwa Hyasinta.

"Kwa hiyo ofisa wangu aliniandikia mkataba na mchumba wake," Bwana Danford alisema.

"Mkataba ulitangulia, uchumba ukafuata. Lakini tangu ulipofuata nilipaswa kukuambia, na sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kutangaza kwako jambo ambalo nyumbani lilikuwa limekataliwa."

Meneja aliomba hati ya mapokezi. Aliisoma kwa kidole. Bugunira walikuwa wameandika sangara ishirini na wawili kwa masanduku yote manne. Aliwahesabu wakubwa mezani na katika masanduku mengine, wakatimia ishirini na wawili. Wale tisa hawakuwa katika hati.

"Siwezi kukataa bidhaa ambayo sikuuziwa," alisema hatimaye. "Kifungu cha sita kimesimama. Cha saba kimevunjwa, tena na mwenyekiti mwenyewe. Barafu itasimama siku thelathini. Nitamtuma ofisa mwingine aende Bugunira kuhesabu vipande vya hilo kokoro. Akikuta kinachoweza kushonwa tena, hatuna mkataba."

"Hatakikuta," Masatu alisema.

"Na siku nyingine mkifiwa, mlete habari kabla ya kuvuta. Kiwanda hakikosi samaki wa kulisha msiba mmoja." Alimgeukia Hyasinta. "Wewe, kalamu ya ununuzi iache kwenye faili. Kesho utaanza hapa, kwenye ubao, pamoja na Esta."

"Ndiyo, Bwana Danford."

"Na uondoe kitoweo chako kwenye meza yangu."

Nje, jua la saa tano lilikuwa kali. Masatu aliufunga mfuko wa samaki na barafu kwa kamba ya katani, akaukaza zaidi ya ilivyohitajika ili mikono yake iwe na kazi.

"Umepoteza kalamu kwa ajili yangu," alisema.

"Niliipoteza tangu mwezi wa sita. Leo nimeirudisha tu."

"Esta atakuimbisha mchana kutwa."

"Hiyo ndiyo adhabu yenyewe." Walicheka kidogo, na kicheko kikawaleta karibu kuliko walivyokusudia. Hyasinta alinyoosha kidole, akakifuta kile kivumbi cha paji la uso, mchana kweupe, mbele ya geti la kiwanda, walinzi wakitazama.

"Nije na wewe Butiama?" Masatu aliuliza.

"Hapana. Matanga hayajaisha, na wenzako wanapaswa kuzisikia hizo siku thelathini kutoka kwako, si kwa mtu mwingine. Hili la Butiama ni langu."

"Baba yako akiwakataa hao samaki?"

Alifikiri kabla ya kujibu. "Nitakuwa nimekataliwa nikiwa nimesema."

Alipanda basi la Bunda, akashuka njia panda, akamalizia safari kwa miguu huku maji ya barafu yakimdondokea kwenye sketi. Mzee Stanislausi alikuwa amekaa nje ya zizi akisuka kamba ya ngozi. Mama yake, Jenoveva, alikuwa akipepeta ulezi. Hyasinta aliwaamkia, akaweka mfuko chini, na kwa mara ya pili siku hiyo akasimulia kila kitu.

Mama alifungua mfuko. "Mbona wadogo hivi, mwanangu?"

"Ndivyo kokoro linavyozoa, mama. Ndiyo sababu tulilikataza. Lakini limekwisha kukatwa."

Baba yake hakuacha kusuka. "Umesema hili ni fungu la kwanza."

"Ndiyo, baba."

"Kabla ya wazee wao kula."

"Ndiyo."

"Na hao ndio watu niliowarudishia mshenga wao."

Hyasinta aliinamisha kichwa.

"Kisha wewe ukasimama mbele ya mkubwa wako wa kazi, ukasema ni wako. Mimi nikiwa sijakubali."

"Ukiwa hujakubali, baba. Sikuwa na neno jingine la kweli."

Kamba ilisimama mikononi mwa mzee. Ndama alilia zizini, akajibiwa na mama yake. Hyasinta aliutazama uso wa baba, uso wa mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kupokea kitu cha wafiwa akakaa nyumbani kwake kana kwamba hakuna aliyekufa, na akatambua kwamba hata mzee mwenyewe sasa alikuwa anapima, akitafuta alama nyekundu yake.

"Marehemu anaitwa nani?" Mzee Stanislausi aliuliza.

"Rafaeli."

"Rafaeli nani? Mtu hazikwi kwa jina moja."

"Rafaeli Mafuru, baba."

Alilirudia jina hilo taratibu, kama mtu anayejifunza njia. "Jenoveva, wapike hao samaki. Wote, usibakize. Kisha unitolee koti la kanisani."

"Unakwenda wapi jioni hii?" mama aliuliza.

"Jioni hii siendi. Kesho. Unakula fungu la msiba wa watu, halafu unaniuliza ninakwenda wapi?" Alimgeukia binti yake. Sauti yake ilikuwa ya ukali, lakini macho yalikuwa yamelowa. "Huko Bugunira, kuna barabara, au ni lazima kupita majini?"

"Kuna barabara, baba. Mbaya, lakini ipo."

"Afadhali," mzee alisema, akainuka na ile kamba mkononi, akaelekea mlango wa zizi. "Maana ng'ombe wa rambirambi hapandi mtumbwi."